Nilisema ni Kichuguu

Jumatatu, 3 Juni

Mbio kabla ya uji, kama kawaida. Baridi kali. Ukungu umefunika mlima Hanang mpaka miguuni. Mara sita kupanda na kushuka lile tuta la pembeni mwa uwanja. Kocha Gordon anasimama chini na saa yake mkononi. Nimekuwa wa kwanza mara tano. Mara ya sita ni Tluway, na hiyo ni kwa kunivuta fulana.

Uji hauna sukari tena.

Wiki ya pili kambini na bado siamini. Timu ya taifa ya vijana. Tuko ishirini na wawili, na mimi ni mmoja wao. Mwaka juzi sikujua hata mpira wa raga una umbo la yai. Kocha ni mtaalamu wa ngano hapa shambani, ndiye aliyeanza kutufundisha, na ndiyo sababu kambi imewekwa hapa kwenye kipande kisicholimwa nyuma ya karakana. Mwezi ujao, Lusaka.

Nikifika juu ya tuta natazama mbele. Chini sitazami.

Jumatano, 5 Juni

Leo ameuliza.

Viongozi wa michezo wanakuja kutoka Dar tarehe 15 kuangalia mechi ya majaribio na vijana wa jeshi. Uwanja unatakiwa uwe na vipimo kamili. Tuta limeingia ndani ya mstari. Meneja wa shamba alimwambia Kocha asisawazishe kitu kabla ya kuuliza wenyeji. Mwenyeji wa karibu ni mimi. Akaniita mbele ya wote, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha polepole:

"Yohana, hii ni kitu gani?"

Muda mfupi kabla ya hapo nahodha wetu, Elia, alikuwa anasimulia habari za Mang'ati, jinsi wanavyomvizia mtu na mkuki porini. Wote walicheka. Na mimi nilicheka.

Nikasema, "Kichuguu tu, Kocha. Mchwa walishahama."

Akaandika kwenye daftari lake. Akanishukuru.

Si kichuguu. Ni bung'eda, kaburi tunalomjengea mzee aliyeheshimika. Na huyu ni babu yangu, baba yake Baba. Ukoo mzima ulijenga kwa miezi tisa, nguzo ndani, udongo na samadi juu, mpaka likapita urefu wa nyumba. Nilikuwa mdogo. Baba alinibeba mabegani ili nifike kuweka majani mabichi juu yake.

Nilidhani nikiandika nitapata nafuu. Sijapata.

Jumamosi, 8 Juni

Greda litakuja Ijumaa. Kocha amefurahi, amezungusha kamba na kuweka chokaa.

Bado kuna siku. Neno moja tu linatosha. Silisemi, na sababu ninazo.

Kwenye fomu nimeandika Yohana Paulo, wa Mbulu. Yohana ni jina la ubatizo, hilo si uongo. Nyumbani naitwa Gidamuda, na nyumbani palikuwa hapahapa kabla ya ngano. Nikisema ni kaburi wataniuliza nimejuaje, na watajua mimi ni mmoja wa hao Mang'ati. Juzi askari wa shamba waliwafukuza wachungaji waliopitisha ng'ombe kwenye ngano. Ndama alivunjwa mguu. Sisi tulikuwa juu ya lori, wenzangu wakapiga makofi. Mikono yangu niliiweka mfukoni, basi. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Halafu uwanja. Hakuna mwingine. Ikijulikana ni kaburi, mechi ya tarehe 15 haipo, na viongozi hawatarudi mara ya pili. Hakuna atakayekwenda popote.

Sababu nimezipanga vizuri. Ukweli ni kwamba nataka kwenda Lusaka.

Jumapili, 9 Juni

Tumetoka kanisani kwa miguu, mimi na Tluway nyuma ya wengine. Yeye ni wa Mbulu kweli, wa juu kule milimani, baba yake analima mahindi na maharage. Tunalala chumba kimoja. Akaanza kuzungumzia viatu vyake, akakatisha, akasema:

"Kile si kichuguu. Na wewe si wa kwetu. Kiiraqw chako ni cha bwenini."

Sikubisha. Nikamuuliza kama atasema. Akajibu kwamba babu si wake.

Tumefika kambini, amenigawia nusu ya muwa wake. Ningependa zaidi kama angenipiga.

Jumanne, 11 Juni

Leo nilijaribu kukimbia polepole. Nikazunguka tuta badala ya kulipanda. Kocha akadhani ninaumwa, akanishika paji la uso, akataka kunipeleka zahanati. Elia akatania kwamba nimeota mvi. Mara iliyofuata nikapanda. Wa kwanza.

Mchana akanipa fulana namba kumi na nne. Winga wa kulia. Akawaambia wengine waige miguu yangu, miguu iliyojengwa na lile tuta. Walinipigia makofi.

Sikujua mtu anaweza kufurahi na kujichukia kwa wakati mmoja.

Jumatano, 12 Juni

Mtu wa kwetu alipita akitoka mnadani, akaniita getini kwa jina la nyumbani. Nilitazama kwanza nyuma kama kuna aliyesikia. Ndipo nikaenda.

Ujumbe wa Baba. Tangu malisho ya hapa yachukuliwe wao wako upande wa Yaeda Chini, nilifikiri habari hazifiki. Zimefika. Amesikia mwanawe anakwenda nchi nyingine kuichezea nchi yake. Anafurahi. Jumamosi atakuja kunibariki.

Kwetu anayekwenda mbali hubarikiwa kaburini kwa babu yake. Mzee husimama pale na kibuyu cha maziwa, kidogo anamwaga chini, kinachobaki anampaka msafiri kifuani. Baba anakuja na maziwa hayo. Anatembea siku mbili.

Greda ni kesho kutwa. Kesho nitamwambia Kocha.

Alhamisi, 13 Juni

Nilikwenda. Saa kumi alasiri, nyumbani kwake, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anafungua pampu ya maji, mikono imejaa grisi. Akaniuliza nina shida gani.

Nikasema meno mawili ya njumu yangu yamekatika.

Akaacha pampu, akanawa, akanitafutia mapya. Nimeyafunga. Yamekaa vizuri.

Mimi ni mtu mwoga. Naiandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 14 Juni

Greda lilifika saa tatu. Kazi ya miezi tisa ilimalizika kabla chai haijapoa.

Katikati ya kazi zikatoka nguzo za miti, nyeusi. Dereva akazima, akashuka, akazigusa kwa mguu. Akasema vichuguu havina nguzo. Kocha akanitazama. Hakunishuku. Aliniuliza tu kwa macho, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua.

Nikasema labda ni boma la zamani la wachungaji.

Huo ni uongo wa pili, na huu hata sikuufikiria. Ulikuja wenyewe. Dereva akapanda tena.

Udongo wake wamefukia nao mashimo ya uwanja mzima. Jioni tukafanya mazoezi juu yake. Elia alisema sasa uwanja umenyooka kama mkeka mpya. Nilifunga trai mbili. Tluway hakunipasia mpira hata mara moja.

Chakula sikula.

Jumamosi, 15 Juni

Tumeshinda. Viongozi wakasoma majina ya watakaokwenda, sote ishirini na wawili. Langu la tatu.

Baba alikuwepo tangu mwanzo. Sikumwona mpaka mwisho. Alisimama nje ya kamba, mbali na watu, shuka lake jeusi, fimbo, kibuyu kimefungwa kwa ngozi. Miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mmoja wa vijana wa jeshi akauliza yule Mang'ati anataka nini. Nilikwenda kwa Baba na fulana ya namba kumi na nne mwilini, nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja.

Alikuwa anacheka. Baba si mtu wa kucheka. Alisema hakuelewa mchezo hata kidogo, ila ameelewa kwamba ninakimbia kama mwizi na hakuna anayenikamata. Akanishika mabega, akanipima kama anavyopima dume mnadani. Alisema mama analisha majirani habari zangu mpaka wamechoka. Akasema tuharakishe, maziwa yasizidi kuchacha.

Kisha akageuka. Akatazama mlima, akatazama karakana, akapima tena. Akadhani amepotea. Mtu aliyechunga hapa tangu utoto.

"Babu yako yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono kuelekea uwanjani.

Alitazama muda mrefu. Mistari ya chokaa, nguzo za goli, vijana wanarushiana mpira. Nilimwona anakunja uso taratibu. Halafu akanigeukia mimi, akanifariji. Mimi.

"Hawakujua," alisema. "Hapakuwa na mtu wa kuwaambia."

Ningeweza kunyamaza. Ingepita. Angerudi Yaeda Chini akiwalaumu watu wa shamba, na mimi ningebaki mwanawe mzuri.

"Nilikuwepo, Baba. Waliniuliza mimi. Nikasema ni kichuguu."

Alikiweka kibuyu chini, akakishika tena.

Niling'oa majani pembeni mwa uwanja, nikayashika kwa mikono miwili mbele yake, kama afanyavyo mtu aliyekosa. Hakuyapokea. Alisema si yake, niyapeleke kwa mwenyewe. Akasema nimwonyeshe mahali hasa.

Sikupajua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimepanda pale kila asubuhi kwa wiki mbili na sikupajua. Ilibidi nitafute kwa chokaa. Mstari wa mita ishirini na mbili, kisha hatua tisa kuingia ndani kutoka pembeni. Hapo ndipo Kocha alikuwa ameandika "kichuguu" kwenye mchoro wake. Nilimtafuta babu yangu kwa vipimo vya raga.

Nikaweka majani. Baba akamwaga maziwa. Yote. Nilisubiri abakize kidogo, hakubakiza.

"Sina hasira," alisema. "Anayebariki safari ni yeye. Mimi nilikuwa nabeba tu. Nenda."

Kocha alikuja mbio, akamwamkia shikamoo, akamkaribisha chakula. Baba akaitikia marahaba, akashukuru, akaondoka. Kocha akaniuliza yule mzee ni nani na maziwa ni ya nini. Nikamwomba anipe muda nitamweleza.

Mzee wa watu ameondoka bila hata kunywa maji.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemweleza Kocha kila kitu. Jina, fomu, kaburi, nguzo. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, akavua kofia, akaishika magotini. Aliuliza kwa nini sikusema siku ile. Jibu liko hapa tu, nimeshaliandika tarehe 8.

Hakunitoa kwenye timu. Nilitaka anitoe. Ingekuwa rahisi, ningerudi nyumbani na adhabu mkononi, nionekane nimelipa. Alisema kosa la kutouliza wazee ni lake, langu ni la kwangu, na kila mmoja atabeba la kwake. Mazoezi ya leo tumefanyia barabarani. Ameamuru uwanja usiguswe.

Elia amesikia. Alinijia wakati wa kufua, akazunguka zunguka, mwisho akaniomba radhi kwa zile hadithi zake. Nikamwambia nilizicheka.

Alhamisi, 20 Juni

Arusha. Tumefika mchana kwa lori la shamba, tunalala bwenini shuleni, wanafunzi wako likizo. Keshokutwa Dar, kisha treni.

Kocha amesema njumu zote zisafishwe kabla ya safari. Mpakani hawataki udongo wa shambani kuingia nchini kwao, magonjwa ya mazao, yeye anajua mambo hayo. Nikasema nitasafisha zote. Jozi ishirini na mbili. Wenzangu wakafikiri nimepata wema wa ghafla, wakanitupia viatu huku wakinitania. Kocha hakucheka.

Nilikaa kibarazani na msumari. Nikachokoa kila jino, kila mshono, kabla ya kutia maji. Udongo ulikuwa umekauka, ukatoka vipande vipande vyenye alama za njumu. Tluway akaja na msumari wake, akakaa, akachukua kiatu. Tulifanya mpaka saa kumi na moja bila kuzungumza sana. Alisema tu kwamba cha Elia kinanuka.

Udongo umejaa kopo moja la mafuta ya kupikia. Si mwingi kwa mtu aliyejengewa kwa miezi tisa.

Nimempa dereva wa lori, anarudi shambani kesho. Hakuniuliza ni nini. Nimemwambia mwenyewe kwamba ni udongo wa kaburi la babu yangu, kwamba sisi ni watu wa pale, na kwamba mimi naitwa Gidamuda. Akauliza aumwage wapi. Nikamwelekeza, mstari wa ishirini na mbili, hatua tisa kuingia ndani. Alirudia mara mbili ili asisahau, akafunga kopo kwa kamba kando ya kiti chake.

Njumu zimepangwa ukutani. Zinakauka.