Sauti ya Mwalimu Ruan

Ndia Kuu, Mombasa
9 Juni 2025

Mwanangu Caroline,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na kwamba baridi ya Nairobi haijakurudishia kikohozi. Mimi sijambo. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu kabla ya Pasaka. Simu zako niliziona zikiita. Sikuzipokea kwa kuwa nina mafua yaliyong'ang'ania kooni, na sauti ya kukwaruza haipendezi simuni. Barua haikwaruzi.

Nimezisoma sehemu ishirini za kwanza za tamthilia ya Kichina ulizonitumia kwa basi. Aliyezitafsiri alikuwa na haraka, nami nimemsahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini huyu Mwalimu Ruan nimempenda. Ni bingwa wa upanga, ana chuo chake mlimani, maadui wanamwogopa, na bado kila asubuhi anamsuka bintiye Yulan nywele kwa vidole vilivyovunjika vitani. Binti anapotiwa sumu, baba anashuka mlimani peke yake kutafuta dawa. Hapo ndipo kurasa zako zilipokomea.

Unaukumbuka ukumbi wa video wa Mwembe Tayari? Jumamosi nikizitia maneno ya Kiswahili filamu za Wachina, nawe umekaa chini ya meza, unanivuta suruali kila baba wa filamu anapokaribia kuuawa. Kichina sikijui hata leo. Nilikuwa nikiwatazama midomo, nikiwatungia.

Unaniuliza kama nitakubali kuwa sauti ya Ruan kwa Kiswahili. Nimekubali. Taib wa duka la vinyago hapa chini amenirekodi ukurasa mmoja kwa simu yake. Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, wanena kama mwizi wa kuku aliyejificha bandani!" Usimjali. Msikilizishe mkubwa wako, Ogutu.

Baba yako,
Lewis Kiti

*

Nairobi
20 Juni 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi hakijarudi, na sweta uliyonisisitizia ninaivaa.

Nilimsikilizisha Ogutu ile rekodi. Akairudia, akavua miwani. "Caroline, huyu mzee umemtoa wapi? Sauti hii imepigwa upanga kweli!" Nilipomwambia ni baba yangu hakuamini. Waliojaribiwa wote walikuwa na sauti laini kama za matangazo ya sabuni. Anasema ule mkwaruzo ndio Ruan mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ni yako, Baba. Hutasafiri. Wamekodi chumba cha kurekodia upande wa Kilindini, na mtaanza Jumatatu, tarehe 14 Julai. Itachukua kama miezi miwili na nusu. Usicheke, nililia ofisini. Kazi hii niliitaka tangu nilipokuwa chini ya meza yako, na sasa nitakusikia tena.

Lakini kuna jambo. Juzi nilimpigia Taib. Anasema siku hizi ukitaka kahawa unamwandikia muuzaji kwenye karatasi, na kwamba kanisani huimbi. Mafua gani haya ya tangu Aprili? Umekwenda hospitali? Nijibu hilo kwanza, kabla ya makosa ya mtafsiri.

Mwanao,
Caroline

*

Ndia Kuu, Mombasa
27 Juni 2025

Mwanangu Caroline,

Salamu. Nimefurahi kusikia u mzima. Taib ana mdomo mpana, nami nimemwambia hivyo kwa maandishi.

Umeniuliza, nami sitakudanganya. Nilikwenda hospitali mwezi wa Mei. Nina uvimbe kwenye kikoromeo. Ulipimwa, ni saratani. Haijasambaa. Daktari anataka kukiondoa kikoromeo chote kabla ya Agosti kwisha. Anasema nitapumua kwa tundu la shingoni, nitakula, nitatembea, nitasoma magazeti yangu. Sitasema tena.

Huo mkwaruzo anaousifu Ogutu ndio ugonjwa wenyewe. Jambo hilo lilinichekesha kidogo.

Nimepanga hivi. Nitarekodi kwanza, niimalize kazi ya Ruan, kisha waniingize chumba cha upasuaji. Daktari anasema nikichelewa hivyo huenda uvimbe ukaenea, na hapo hataniahidi kitu. Nimemsikia. Sauti hii nimeitumia darasani maisha yangu yote, nikiwafokea watoto wa watu. Nataka imalizikie kwenye kitu ulichokitengeneza wewe. Ruan hakuketi mlimani akihesabu hatari bintiye alipomhitaji. Atakufa na upanga mkononi, kama wanavyokufa wote, na watu watamkumbuka.

Usimwambie Ogutu. Usije huku kulia. Nitumie kurasa zilizosalia.

Baba yako,
Lewis Kiti

*

Nairobi
16 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai umeamka salama, ingawa najua umeamka na hasira.

Najua kwamba juzi Jumatatu ulikwenda Kilindini, umevaa koti, na ukarudishwa mlangoni. Sehemu yako amepewa Crispus, yule msomaji wa taarifa za redioni. Ni mimi niliyemwambia Ogutu. Nilikuwa nimemwomba akupigie kabla hujatoka nyumbani, naye akapiga, nawe hupokei simu. Kwa aibu ile ya mlangoni, nisamehe. Kwa lile lingine sikuombi msamaha.

Unadhani unanipa zawadi. Zawadi gani hiyo? Niwashe televisheni, nikusikie ukimwambia Yulan "amka, mwanangu," nawe umelala makaburini Mbaraki? Mimi sikumhitaji Ruan. Crispus atamsema vibaya, na watu watamzoea.

Kurasa zilizosalia nakutumia pamoja na barua hii. Umesoma nusu ya kwanza tu, ukamwua mwenyewe, kama ulivyokuwa ukiwaua akina baba wote pale ukumbini. Soma mpaka mwisho. Kisha mwone daktari.

Mwanao,
Caroline

*

Ndia Kuu, Mombasa
1 Agosti 2025

Mwanangu Caroline,

Salamu. Natumai hujambo. Mimi ni kama nilivyokuwa, ila sasa chai ikiwa moto haipiti.

Ulinifedhehesha mlangoni mbele ya vijana wenye umri wa wajukuu. Hasira hiyo ninayo bado, na ndiyo iliyonifanya nisikuandikie mapema.

Kurasa nimezisoma. Ruan anamwekea bintiye viganja mgongoni na kummiminia nguvu zake zote, mpaka sumu inatoka. Anapoinuka hawezi kuubeba hata upanga wake. Nikasubiri maadui waje wammalize. Mimi ningewaleta, nawe ungenivuta suruali. Hakuna aliyekuja. Akachukua ufagio, akawa anafagia ua wa chuo chake mwenyewe. Waliokuwa wanafunzi wake wanapita. Huyu anamwamkia, yule anamcheka. Anaendelea kufagia. Kisha Yulan anatoka nywele zimetimka, anaketi kwenye ngazi na kumpa mgongo, naye anauweka ufagio kando na kuanza kumsuka.

Niliutazama ukurasa huo muda mrefu nikitafuta maneno ya Ruan. Hayamo. Ningekuwa ukumbini ningemtungia hotuba, nami ningekuwa nimeiharibu. Mwulize Ogutu kama Crispus atalipwa kwa kunyamaza.

Nimekwenda kwa daktari. Uvimbe umekua kidogo, haujaenea. Anataka jibu langu Jumatatu, kwani kitanda kipo.

Taib amenipandishia kengele ya shaba kutoka dukani kwake. Akasema, "Ukitaka chai, piga mara moja. Ukipiga mara mbili nitajua wanitukana." Nimeijaribu. Inasikika mpaka kwa muuza kahawa, na tayari nimemtukana Taib asubuhi hii. Usidhani kwa hilo kwamba nimekwisha kukata shauri.

Basi la usiku litaifikisha barua hii kesho. Jumapili, ukitoka kanisani, nipigie simu. Nitapokea. Nataka kukusomea sehemu ya kumi na tatu, pale Ruan anapomuaga bintiye langoni, kwa sababu Crispus ataiharibu. Nitakwaruza, nawe utavumilia.

Habari ya Jumatatu usiniulize siku hiyo. Nikishaamua nitakuandikia.

Baba yako,
Lewis Kiti