Vyombo Vimejaa Kabatini

Mjukuu wangu Nekesa,

Nakusihi, isome barua hii peke yako, na neno hata moja lisimfikie mama yangu. Huku Kilimani mimi ni mzima, na nimefurahi kusikia mafua yamekutoka. Ofisini wananicheka kwamba naitwa kuka, yaani babu, na sina hata mvi moja, lakini ukoo ndivyo ulivyotupanga.

Umeniuliza kama niliogopa nilipotengeneza ile mashine ya michezo kwa kompyuta kuukuu. Kompyuta haikunitisha. Skrini ilikuwepo, nyaya zilikuwepo, nikakosa sanduku. Basi nikalitazama kabati la vyombo ambalo marehemu baba alimchongea mama. Mama aliporudi Bungoma aliniachia akisema, "Litumie." Nikautoboa mlango kwa msumeno, skrini ikakaa sawasawa.

Jioni mama akapiga simu. "Kabati unalitumia?"

"Kila siku, mama."

"Vyombo vinatosha?"

"Vimejaa."

"Wewe mwenye sufuria moja? Umeoa bila kuniambia?"

Akacheka, nami nikacheka huku jasho likinitoka. Kila nililojibu lilikuwa kweli, Nekesa, maana skrini na nyaya navyo ni vyombo, na bado nilijua nimemficha. Msumeno haukunitisha kama simu ile.

Kesho mama anakuja kliniki Upper Hill, atalala kwangu. Nitamwambia mlangoni, kabla hajavua viatu. Nipigie baada ya chakula cha jioni, lakini mashine usiitaje. Uliza tu, "Kuka, vyombo viko salama?" Nikinyamaza, ujue bado amenikasirikia; omba kuzungumza naye, umsalimie taratibu, usikate simu mpaka acheke.

Kuka wako