Kofi la Mkono wa Kushoto

Mejumaa, uko kwenye kompyuta? Ngowa amenizaba kofi! Ngowa, mkuu wetu wa wapiga mbizi, mbele ya watalii. Tena la mkono wa kushoto! Wa kushoto, shoga!

Odera, yule karani wa mtaa wa Buxton anayezamia kila Jumapili kujifurahisha, alitoka majini akilia bega. Nikamwekea kifuani kile chombo chetu cha utafiti cha kusikilizia damu: mapovu yanachemka kwenye damu kama uji. Nikasema apewe oksijeni, akimbizwe hospitali.

Ngowa akasema, "Hapana. Namrudisha chini majini, bega litatulia."

Kumrudisha chini! Tangu utafiti uanze mwaka huu wa tisini na nane tunawaambia wapiga mbizi kwamba huko ni kuua mtu!

Akamkokota Odera hadi ukingoni mwa gati. Nikamng'ang'ania. Ndipo akanizaba, nikaona nyota. La kushoto, kama anayepigwa ni mbwa! Nikaokota mkanda wa vyuma vya kuzamia, nikamtandika mdomoni. Jino likaruka.

"Dama, leo nakuua!" Akaja kunikaba. Mkono mmoja ukafika shingoni. Wa kulia ukabaki unaning'inia.

Nikamuuliza, "Huo mkono una nini?"

"Umekufa tangu juzi. Nikishuka tena majini huwa unapata nguvu. Usimwambie mtu."

Chupa ya oksijeni ilikuwa moja. Nikawapa wote wawili kwa zamu hadi ambulensi ikaja, namfuta Ngowa damu niliyomtoa mwenyewe.

Mejumaa, hakunidharau. Alikuwa amebakiwa na ule wa kushoto tu.