Wateja Wasionijua

Makongeni,
Thika.

12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Mukonyo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mwanangu Mumo, ambaye siku hizi ananipita kwa urefu na anajua hivyo. Goti lako linaendeleaje? Nimesikia baridi imeanza huko Edmonton na wewe bado unaenda kazini kwa miguu. Tafadhali shangazi, jionee huruma. Sisi huku ni wazima, Mungu ametushika.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza sitamaliza kusema ukweli. Nina jambo la kukushukuru na jingine la kuungama. Acha nianze na la kuungama.

Unakumbuka zile pesa ulizonitumia mwezi wa saba, nilipokuambia mkataba wangu kiwandani unaisha Oktoba. Ulisema ninunue sufuria moja kubwa, muthokoi, yale mahindi yetu yaliyotwangwa kutolewa maganda, na mbaazi, nione kama watu watanunua chakula kilichochemshwa tayari, wao wakakaange tu nyumbani. Nusu ya pesa ulinikataza kugusa. Ulijua kilichokuwa mbele yangu: sufuria ikikataa, mimi na Mumo turudi Mwingi, naye ang'olewe shuleni katikati ya muhula.

Basi nilichemsha. Wiki ya kwanza sufuria iliisha kila jioni. Ya pili vilevile. Kina mama wa jumuiya yetu ya kanisani walipanga foleni mlangoni na bakuli zao, wakinisifu hadi nikajiona mimi ndiye wa kwanza duniani kutwanga mahindi. Nilivimba kichwa, shangazi. Ile nusu nisiyopaswa kuigusa nilishaipangia kibanda sokoni, na mwenye kibanda nikamwambia aningoje Jumatatu.

Jumamosi nikaenda kwa Ngendo, jirani wa ploti ya nyuma, kumrudishia chungio lake. Huyu ndiye aliyekuwa mteja wangu nambari moja, vikombe viwili kila jioni bila kukosa. Sikumwona mlangoni, nikazunguka nyuma. Nikakuta kuku wake wanne wanakula muthokoi yangu. Si makombo. Karai lilikuwa limejaa, na mbaazi zake zote.

Nilisimama pale kama mjinga. Ngendo alipotoka akaniona, hakujaribu hata kudanganya. Alisema, "Mbinya, sisi tumezoea githeri, mahindi na maharagwe na maganda yake. Mzee wangu alionja siku ya kwanza akauliza nani ameyavua haya mahindi nguo. Lakini mwenzetu akianza kitu, si lazima tumpromoti?"

Nilikasirika, sitakuficha. Nilifunga mlango nikalia mpaka Mumo akaacha kuniuliza nina nini. Kesho yake baada ya misa nikawauliza wengine mmoja mmoja, na zaidi ya nusu wakaangalia chini. Wilkister, mmoja wao, alikuwa akimpa yake mlinzi wa ploti yao, ambaye ni Mkamba na alikuwa ameanza kunenepa.

Hasira iliposhuka nikaona nilichokuwa sikioni. Wanawake hawa hawana pesa za kuchezea. Mmoja wao anafulia watu nguo. Wiki mbili nzima walitoa pesa zao kununua chakula wasichokila, ili tu nisione aibu. Ni nani mwingine angenifanyia hivyo? Nawashukuru mpaka leo na nitawashukuru nikizeeka. Lakini kupendwa ni kitu kimoja na biashara ni kingine, na nusura niizike pesa yako kwenye kibanda.

Hapo ndipo nilipokumbuka swali lako kwenye simu, ambalo nililipuuza: "Hao wanaonunua, wanakujua?" Nilidhani unanivunja moyo tu, nisamehe. Nikamwomba mwenye kibanda radhi, nikaenda kujaribu Ruiru, ambako hakuna anayejua mimi ni mtoto wa nani. Kuna majengo mengi ya kupanga, na mafundi wengi wa mijengo ni watu wetu kutoka Ukambani. Ngendo aliposikia, akajitolea kunitunzia moto nikiwa kazini. Kwa hiyo sufuria yangu inachemshwa na mtu asiyependa kilichomo, na hajawahi kuiunguza.

Siku ya kwanza niliuza vikombe vinne. Ya pili, sita. Hakuna aliyenisifu. Walilipa wakaenda zao, na mmoja akauliza kama chumvi huku imepanda bei. Nikaongeza chumvi. Kilichobaki tulikula mimi na Mumo hadi akaniomba ugali kwa unyenyekevu ambao sijauona tangu azaliwe. Polepole vikafika kumi na tano.

Jumanne iliyopita sikwenda, kulikuwa na mkutano wa wazazi. Jumatano nilipofika, mlinzi wa jengo lililo hapo karibu, mwanamke wa rika langu, alikuwa amesimama ananingoja, amenuna. Akaniambia, "Wewe mama, jana tumelala na chai kwa sababu yako. Kama huji, si useme?" Hajui jina langu wala kanisa langu. Alinigombeza hadi watu wakageuka, na shangazi, sijawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo. Nilimpakulia. Sufuria iliisha kabla ya saa kumi na mbili.

Mungu akubariki, shangazi, kwa pesa na kwa lile swali. Ile nusu ipo, sijaigusa.

Nisalimie Mjomba Kaleli, Ndila na watoto wake. Mama anakusalimu kutoka Mwingi, na Ngendo pia, ingawa hamjuani. Mola akulinde kazini na njiani, na hilo goti alitazame.

Juzi Ijumaa nilirudisha gambuti na aproni kiwandani. Msimamizi akaniuliza kwa upole kama sasa narudi nyumbani Mwingi. Nikamwambia hapana, na aniwie radhi sina muda wa kukaa, kuna watu wananingoja Ruiru.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kwa moyo wote,

Mbinya