Mipini Myepesi Kabisa

Kaka mpendwa,

Hatujambo. Shemeji yako amepaka jikoni rangi ya manjano, mpaka macho yanatuuma.

Kuhusu zile fimbo za gofu za Kijapani, mwambie muuzaji abadilishe mipini. Ya chuma niliyoichagua sasa inanishinda. Atie ya kaboni, myepesi kabisa. Juzi nilipiga, fimbo ikaniponyoka ikautangulia mpira. Wenzangu walicheka, nami nikacheka. Daktari nilipomsimulia hakucheka. Alisema, "Mikono ndiyo huanza kuisha nguvu, kisha miguu." Mama bado hajui.

Shemeji yako aliniuliza, "Sasa fimbo mpya za nini?" Nikamjibu nitacheza maadamu vidole vinashika.

Ila urefu, kaka, mwambie apime kwa kimo chako wewe, si changu.

Mdogo wako,
Kitindamimba