Kaka Gharib na Njia Yake Isiyo na Magari

Ni mwaka mzima sasa tangu ututoke, kaka Gharib, na jirani yetu Bwana Abdulwakil wa ghorofa ya tatu bado anasimulia kwamba ulifia juu ya baiskeli. Anasema ulikuwa unateremka barabara ya Guangyuan Xilu saa sita mchana, umeinamisha kichwa kama kawaida yako, lori la mzigo likarudi nyuma bila honi, likakurusha mpaka mlangoni kwa maduka ya nguo. Anaeleza kwa mikono. Anayemsikiliza anamwona mpaka dereva anavyoshuka.

Hadithi hiyo ilifika Unguja kwa ujumbe wa sauti kabla hujamaliza kuoshwa. Mama akaisikia. Ulizikwa huku huku Guangzhou, mama hakuuona uso wako, kwa hiyo alichobaki nacho ni maneno ya Bwana Abdulwakil.

Leo tunaandika yaliyokuwa. Hukuwa juu ya baiskeli. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Wewe ulikuwa umesimama dukani kwa laoban wa zipu, yule tajiri mwenye duka dogo kuliko yote, mnabishana juu ya rangi ya meno ya zipu, nami niko pembeni yako. Ukaweka mkono kifuani, ukakaa juu ya robota la nguo, ukaomba maji. Wapagazi wakauacha mkokoteni wao wakaja kukubeba, na mkokoteni ule na marobota yake sita ukaserereka wenyewe mpaka kwenye baiskeli, ukalipinda gurudumu la mbele. Hospitali walisema ni moyo. Jioni Bwana Abdulwakil akaliona lile gurudumu kwenye korido yetu, akalitungia maneno.

Juzi nilimsimamisha kwenye ngazi. "Bwana Abdulwakil, siku ile ulikuwa wapi?"

"Sokoni Zhongda, nanunua vitambaa."

"Basi uliona nini?"

"Niliona gurudumu, dada. Lile gurudumu lilijieleza lenyewe."

Hatumlaumu. Ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango kutafuta sanda, na ndiye aliyelia kuliko sote. Ila si kweli, kaka, na mwaka huu ukweli una kazi ya kufanya.

Mimi mdogo wako Hasna ndiye ninayeandika kwa niaba ya familia. Unajua nimeishia darasa la saba, kwa hiyo utanisamehe pale maneno yatakapokwenda upande.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Tende kwenye mfuko wa nyuma wa jezi, zimeyeyuka kwa joto, na bado unamkaribisha kila mtu. Ijumaa ukitoka msikitini unawapitishia wapagazi machungwa, unawaita kwa majina yao, nao wanaliita lako kwa namna yao mpaka sote tunacheka. Ukimwona mtu amechoka njiani unamwambia, "Bado kona moja tu." Zilikuwa kona saba. Tulikujua, na tulikuamini kila mara.

Kazi yako ilikuwa kushona nguo za waendesha baiskeli. Ulianza na oda moja ya kaptula zenye sponji, ya Bwana Anselmo, mwenye duka huko Hispania. Siku moja akakuandikia: unashonaje nguo ya kukalia kutwa nzima na wewe hujakaa kutwa nzima? Mwingine angekasirika. Wewe ulifungasha kaptula tatu za sampuli, ukaenda huko kwake kukaa.

Uliporudi ulizungumza siku tatu. Nakumbuka ulivyosimama jikoni na sufuria mkononi, chai imekauka. "Hasna, nimepanda baiskeli toka asubuhi mpaka adhuhuri. Nimekutana na trekta moja na punda mmoja. Na punda ndiye aliyekuwa na haraka."

Ndivyo ulivyotuletea nyumbani vilima vya Andalusia. Ulituambia kuna reli ya zamani waliyoing'oa vyuma, wakaacha njia yake tupu kwa watu wa baiskeli na wa miguu. Na kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali, na wewe huupandi: njia inauzunguka mlima polepole, inapita juu ya daraja la mawe, inaingia ndani ya handaki. Humo mna baridi ya kisima na taa zinawaka zenyewe ukikaribia, halafu unatokea upande wa pili na mbele yako ni mizeituni, mistari kwa mistari, mpaka macho yachoke.

Reli ikiisha unashika njia za wakulima. Changarawe nyeupe. Ulisema sauti yake chini ya tairi ni kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo, na ukiisikia nusu saa kichwa chote kinasafika. Hakuna honi. Hakuna wa kukubana pembeni. Ulisema mfereji wa maji wanauita asekia, ukataka kucheka, kwa sababu ustadhi wetu wa chuoni angeujua ni ile saqia yake ya Kiarabu. Bibi mmoja wa shambani alikupa tini na maji, akakataza usiondoke mpaka ule tena. Ukasema, "Yule ni mama kabisa, kasoro Kiswahili."

Na kaptula? Saa ya tatu mshono wa ndani ya paja ulikuchubua. Hukumlaumu mtu. Ulirudi ukafumua sampuli zote, ukachukua baiskeli mpaka kwa laoban wa mashine, ukaisimamisha katikati ya mafundi. "Laoban, kaa hapa nusu saa."

"Meiyou," akasema, hana nusu saa.

"Basi dakika kumi, rafiki yangu, na uzungushe miguu."

Akakaa. Dakika ya sita akashuka mwenyewe akaenda kuusogeza mshono. Kuanzia hapo hakuna kaptula yako iliyorudishwa.

Ukaamua na sisi tuione njia ile. Ukanifundisha baiskeli mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na minne, kwenye njia ya kando ya mto asubuhi za Jumapili, helmeti juu ya mtandio. Ulikimbia nyuma umeshika kiti, ukaniambia umeshika, kumbe uliachia zamani. Nilipogeuka ulikuwa mdogo kule nyuma unapiga makofi. Sikuanguka kwa sababu uliachia. Kuanguka nilianguka kwa sababu niligeuka.

Ramani yako hukuichora kwenye karatasi. Ulisema karatasi mvua moja tu imekwisha. Ulikata ukanda wa bitana nyeupe, mita tano, wa Zhongda, ukachora njia nzima kwa kalamu isiyofutika, ukauzungusha kama bendeji uingie mfuko wa nyuma. Shibiri moja ni kilomita kumi. Visima umeviwekea duara, mahandaki umeyaweka rangi nyeusi, na mahali pa yule bibi umeandika "tini". Pembeni umeandika majina: Gharib, Hasna, Pandu, Sia.

Kwa wasiowajua: Pandu ni rafiki yako wa kago, Mpemba, na Sia ni yule msichana wa Moshi anayesomea udaktari hapa. Baada ya arubaini hawakuongea habari ya safari, na mimi sikuongea. Halafu Bwana Anselmo akaandika. Amepeleka jezi zako kwa wenziwe, wanataka kuipita njia uliyoichagua, na wanataka sisi tuwe mbele na kitambaa. Barua ya mwaliko ikaja. Viza zikaja, zote tatu. Kaka, siku ile Pandu alicheza kwenye ofisi ya kago mbele ya wateja, na Sia, ambaye hata kucheka anacheka kwa mpango, alinirukia shingoni.

Nikakunjua kitambaa nikapima. Siku ya kwanza ikatoka kilomita sabini na tatu. Nikapima mara ya pili na ya tatu, unanijua, sina haraka. Sabini na tatu. Nikamwambia mama kwenye simu, na mama akashika kichwa. Tukaongeza chupa za maji, tukawa tunafanya mazoezi ya sabini na tatu mpaka miguu ikawaka, mpaka Sia akauliza, "Gharib alisema siku ya kwanza ni nyepesi. Nyepesi kwa nani?"

Pandu ndiye aliyenitazama nikipima. "Dada Hasna, shibiri hiyo ni ya nani?"

"Yangu."

"Na mchoraji alikuwa na mkono kama wako? Kwa shibiri zako sisi tutafika Ufaransa."

Nilikaa chini. Mkono wako ulikuwa mkubwa, kaka, nyumba nzima inajua, ulikuwa unashika maembe matatu. Nikaenda kwenye sanduku la sampuli nikatoa glovu yako ya baridi, ile ya vidole virefu uliyojishonea kwa kipimo chako. Nikaijaza pamba, nikaitandaza juu ya kitambaa, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Tukahesabu watatu pamoja kwa sauti. Tano na nusu. Kilomita hamsini na tano, na kisima katikati, pale hasa ulipoandika "hapa mtataka kulala, msilale". Mkono wako ulitutembeza njia nzima jioni ile, kutoka reli mpaka kwa bibi wa tini. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu uondoke.

Kwa hiyo mama ajue na hili: si sabini na tatu. Nilikosea mkono.

Sasa tiketi ninayo. Viza ninayo. Radhi ya mama sina, na bila radhi ya mama siendi, hilo uliniachia wewe mwenyewe. Mama alisema, "Mwanangu mmoja kaliwa na baiskeli. Wa pili simpi."

"Mama, haikuwa baiskeli."

"Abdulwakil kaona."

"Abdulwakil alikuwa Zhongda."

"Basi kaona nani?"

"Mimi, mama."

Nilijua swali linalofuata, mbona sikuona mapema, ndiyo maana mwaka mzima niliiacha hadithi ya lori itembee. Mimi ndiye mkaguzi wako wa nguo. Uzi ukikatika mita tatu mbali nauona. Na wiki ile uliacha tende mfukoni bila kuzila, na kwenye ngazi ulisimama mara mbili, ukasema unatafuta ufunguo. Niliona, kaka. Sikujua nimeona nini. Lori lilikuwa rahisi kwangu, kwa sababu lori halina dada wa kuulizwa.

Nimemweleza yote Jumamosi, kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja: moyo wako, mkokoteni, tende, ngazi, glovu. Nimemwambia kwamba mwanawe hakufa barabarani. Na kwamba njia ninayoomba kwenda ndiyo ile ya pekee uliyokwenda kutwa nzima bila gari hata moja kukukaribia. Alama mbili za buluu zimetokea saa ile ile. Amesikia. Mpaka naandika haya hajajibu.

Wanaokukumbuka ni mama yako mzazi Bi Mwatima, Kikwajuni. Mjomba wako Murshid. Wadogo zako Hasna na Lulu. Wenzio wa njia Pandu na Sia. Bwana Anselmo na yule bibi ambaye jina lake hukutuachia. Laoban wa mashine, aliyetaka naye aandikwe. Na jirani yako Bwana Abdulwakil, ambaye amesomewa tangazo hili mwanzo mpaka mwisho akasema liende gazetini.

Tutakukumbuka daima, kaka Gharib, tukiwa tumekaa na tukiwa tunapanda.

Lulu, macho ya mama hayapati maandishi madogo, msomee wewe, taratibu, usiruke ya ngazi. Ndege ni Alhamisi ijayo, saa tano asubuhi.

Mama, nipe radhi niende.