Sahani Uliyoirudisha

Nyumbani,
Jumapili mchana, tarehe tisa.

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu mama yako. U hali gani huko? Na mgongo, bado unakusumbua ukitoka zamu? Huku hatujambo. Baba yako kikohozi kimepungua, ubishi ndio haujapungua. Bibi yako anakula vizuri, na kila asubuhi anauliza kama umesharudi. Kaka yako yuko na cherehani yake kama kawaida. Wifi yako tumbo limeshakuwa kubwa, tunamwombea. Mimi ni mzima, wasiwasi tu, unanijua.

Barua yako wifi yako alitusomea kwa sauti, kisha nikairudia mwenyewe polepole. Nimefurahi umepata rafiki mdogo huko ugenini, huyo binti wa chumba cha chini ya ngazi unayemfundisha kusoma. Umemwita Kidole kwa sababu hasomi bila kupitisha kidole kwenye mstari. Usimkataze. Hata mimi ndivyo ninavyosoma.

Lakini uliposema ameacha kuja, na hujui umemkosea nini, nilikosa raha. Umesema mama yake, yule anayefua nguo za watu, alikuletea sahani ya chakula, ukamrudishia kama ilivyo, ukasema umeshiba, kwa kuwa uliona wao wenyewe hawana. Baba yako akasema, "Hebu rudia hapo." Akasomewa tena. "Haya. Huyo mwanao siku hizi ni mgeni rasmi, hali vyakula vya watu?"

"Aliwaonea huruma, baba," wifi yako akakutetea.

"Ndiyo hiyo huruma iliyomfukuza mtoto."

Nilitaka kumbishia, nikaona amesema kweli. Mwanangu, moyo wako naujua. Lakini wewe unampa mwana wa yule mama kusoma, na yeye alichonacho ni kile alichopika. Ulipokirudisha, ulimwacha aonekane mwombaji mbele ya mtoto wake. Nimewahi kumwandalia mgeni kutoka sufuria ndogo, huku naomba kimoyomoyo apokee.

Sasa fanya hivi. Usipeleke zawadi, wala nguo, wala daftari. Nenda mikono mitupu jioni, wakati anapika, umwambie, "Mama, leo nina njaa." Kaa chini ule. Akikuongezea, kubali. Habari ya masomo usiiguse kabisa siku hiyo. Mtoto atakuwa anakutazama.

Nina hofu kweli. Umesema alibakiza kidogo tu aanze kusoma peke yake. Mtoto akiachia hapo, kurudi ni kazi. Mimi niliachia darasa la tatu, nikasema nitarudi, sikurudi.

Baba yako anakusalimu, anasema usile mpaka ukawamalizia chakula. Bibi, kaka na wifi wote wanakusalimu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe maneno laini ukifika mlangoni kwa yule mama.

Ukishakula tu, niandikie upesi, hata mistari miwili. Sitatulia mpaka nijue kama mtoto ameshika kitabu tena.

Mimi mama yako,
akupendaye ukiwa karibu na ukiwa mbali.